Pedali Mbili za Marehemu Wenceslaus

"Kanuni ni kanuni, mama. Baiskeli haipandi treni na pedali zake."

Maneno hayo aliyasema Mabruki, karani wa mizigo wa stesheni ya Itundwe, akiwa ameketi, kalamu sikioni na kikombe cha chai mkononi. Na Mektilda, mwanamke wa miaka hamsini na saba, mjane wa miezi miwili tu, akapiga magoti kwenye saruji, akatoa spana mfukoni, akaanza kufungua. Wanaume kama saba walikuwa wamekaa kwenye benchi palepale, wana ndevu zao na misuli yao, wanamtazama. Hakunyanyuka hata mmoja. Jamani, siku hizi watu wamelelewa na nani?

Alifungua ya kulia, akafungua ya kushoto. Ya kushoto hufunguliwa kinyume, kana kwamba unaikaza, na asiyejua atahangaika nayo mpaka jioni. Mektilda alijua. Alifundishwa na mwenye baiskeli, marehemu mumewe Wenceslaus, katekista aliyezunguka vigango sita kwa Finiksi hiyohiyo nyeusi miaka ishirini na minane, jua na mvua, bila kumwomba mtu lifti. Akazifuta pedali kwa upindo wa kanga, akazifunga kwenye leso, akazitia kwenye kapu lake pamoja na michembe ya viazi vitamu ya kula njiani.

"Na usukani upinde," Mabruki akasema.

Akaupinda usukani.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda Ilagaja, upande wa magharibi, mwendo wa nusu siku kwa treni ukipitia Tabora mjini. Ilagaja ndiko alikozaliwa Wenceslaus, ndiko alikozikwa, na ndiko Jumamosi hiyo ukoo ungeketi kumaliza matanga na kugawa vitu vyake. Hakuwa na vitu vingi. Koti, redio, shoka, mizinga minne ya nyuki, na baiskeli. Lakini baiskeli ile aliisemea kwa kinywa chake, wiki moja kabla hajafumba macho, padri na majirani wakisikia: "Ni ya Advera." Advera ni binti yao, mhudumu wa afya wa kijiji hukohuko Ilagaja. Anatembea kilomita kumi na moja kwenda kitongoji cha mwisho kuangalia wajawazito, na kumi na moja kurudi. Mwezi wa nne mama mmoja alijifungua na kutokwa damu, na Advera alifika wakati watu wameshaanza kulia. Tangu siku hiyo baba yake hakuwa akiizungumzia baiskeli ile bila kumtaja yeye.

Sasa, kulikuwa na shemeji. Kwani wapi hakuna shemeji? Valentino, mdogo wa marehemu, alisema tangu siku ya maziko kwamba baiskeli ile ni ya kiume, ina bomba la juu, na kitu cha kiume hakirithiwi na mwanamke. Na ukoo wao una sharti moja ambalo kila mtu alilijua: vitu vya marehemu huwekwa mkekani siku ya kumaliza matanga, vinaonekana kwa macho, vinagawiwa. Kisichofika mkekani hakigawiwi siku hiyo. Kinabaki mikononi mwa mdogo wa marehemu, naye ndiye atakayeamua, leo au baada ya miaka kumi. Kwa hiyo baiskeli ilikuwa lazima ifike. Ndiyo maana Mektilda alipiga magoti kwenye saruji mbele ya wanaume saba.

Mabruki alisimama, akaizunguka baiskeli.

"Hii ya nani, mama?"

"Ya marehemu mume wangu. Naipeleka matanga."

"Ehee! Marehemu Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi mtupu."

"Basi haiendi popote hii," Mabruki akasema, akaikalia. "Mimi Mzaramo wa Kisarawe. Mtani wangu kafa, hakuniaga, na mimi nimeirithi baiskeli. Inabaki hapahapa."

Mektilda akacheka. Ndiyo, alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Asiyejua utani wa Wanyamwezi na Wazaramo atasema yule karani ni mwendawazimu, lakini hawa walitaniana tangu enzi za misafara, babu wa hawa wanashuka pwani na mizigo, babu wa wale wanawapokea na kuwacheka. Penye msiba ndipo mtani anapotawala. Atakalia jeneza, atashika shoka la marehemu aseme ni lake, na huna ruhusa ya kukasirika. Unampa hela kidogo ya kukombolea kitu, anakiachia, mnacheka, uchungu unapungua. Ndivyo ilivyo, na ndivyo Mektilda alivyolelewa.

"Mzaramo akirithi baiskeli ataifanyia nini?" akamjibu. "Si ataiuza wiki hiihii apate hela ya kumcheza mwali!"

Benchi zima likacheka. Hapo wakawa na midomo.

"Na Mnyamwezi anataka treni ya nini?" Mabruki naye akatupa lake. "Babu zako walibeba pembe za ndovu kichwani kutoka huku mpaka Bagamoyo, wakarudi na chumvi! Jitwike baiskeli yako, mama, uanze safari."

Mektilda akatoa sarafu ya mia mbili, akamwekea kiganjani. "Haya, mtani. Nimekomboa."

Mabruki akaitia mfuko wa shati, akaupigapiga. "Nimepokea. Lakini inabaki."

Akacheka tena mama wa watu, machozi yanamtoka. Alikwishalipia mzigo. Mabruki akamwandikia stakabadhi: baiskeli moja, nyeusi, bila pedali, imepakiwa behewa la mizigo. Akagonga muhuri. Akamwambia nenda kakae, mama, kazi ya kupakia ni yetu. Mektilda akaenda daraja la tatu, akapata kiti cha dirishani.

Treni ikapiga honi, ikajivuta. Na Mektilda, katika kuangalia tu Itundwe inavyopita, akaiona. Imeegeshwa ukutani, usukani umepinda, karatasi yake ya jina inapepea. Mabruki amesimama kando yake. Hakupunga mkono. Aligeuza uso.

"Baiskeli yangu! We! We Mabruki! Baiskeli!"

Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Treni ikaongeza mwendo. Watu behewani wakasema pole, pole mama, kama vile kadondosha kijiko.

Akaja mkagua tiketi, kijana mwenye tai. Mektilda akamweleza yote, akampa stakabadhi. Kijana akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Mbona imepanda, mama?"

"Nimeiona kwa macho yangu ukutani, mwanangu."

"Hapa imeandikwa imepakiwa. Muhuri huu hapa. Kwa mujibu wa karatasi, baiskeli tunayo humu."

"Twende basi behewa la mizigo ukanionyeshe."

"Abiria haruhusiwi behewa la mizigo."

Kha! Mtu ameona kwa macho mawili aliyopewa na Mungu, anaambiwa karatasi imeona vizuri zaidi. Mektilda alimtazama yule kijana, akatazama tai yake, akanyamaza. Si kwamba hakuwa na la kusema. Alikuwa na mengi, na yote yalikuwa na matusi ndani yake, na yeye ni mke wa katekista.

Akakaa. Kadiri treni ilivyokwenda ndivyo hasira ilivyompanda. Kilichomuuma si baiskeli peke yake. Kilichomuuma ni kule kucheka. Alimpa yule mtu kicheko chake, akampa na mia mbili ya kukomboa, naye akapokea. Mtani akishapokea, kitu ameachia. Hilo halina mjadala, tangu babu na bibi. Mwizi angemwibia Mektilda baiskeli tu. Huyu alimwibia kwa mkono wa utani, akamchekesha huku anamwibia. Akatia mkono kwenye kapu atafute leso ya kujifutia uso, akakuta ni nzito. Pedali zilikuwa humo. Akazishika hivyohivyo mpaka Ilagaja.

Aliyeshuka Ilagaja jioni ile alikuwa yeye peke yake. Advera alikuwa anamsubiri, viatu mkononi, miguu ina tope hadi magotini.

"Shikamoo mama. Baiskeli iko wapi?"

"Marahaba. Imebaki Itundwe." Akamweleza, kwa maneno machache, kwa sababu marefu yangemliza. "Sasa sikiliza, mwanangu. Usimwambie mtu. Si shangazi yako, si baba yako mdogo, si jirani. Nipe usiku huu nifikiri."

Advera akaitikia kwa kichwa. Alivaa viatu, akampokea mama yake kapu, wakaenda nyumbani, wakafunga mlango, wakala ugali bila kusema na mtu.

Asubuhi mkeka ukatandikwa uani. Aliyeendesha kikao alikuwa Shangazi Consolatha, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke asiyependa hotuba. Koti likawekwa, redio ikawekwa, shoka likawekwa, na vijiti vinne kwa niaba ya mizinga minne, maana mizinga iko mitini na nyuki wake. Pembeni alikaa Najiat, mama wa Kizaramo mwenye duka la dawa pale kijijini, mtani wa ukoo mzima. Tangu alfajiri alikuwa amewatukana wafiwa wote mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuwa amefarijika.

"Kuna kingine?" Consolatha akauliza.

Kabla Mektilda hajafungua kinywa, Valentino akakohoa. Alikuwa amevaa shati jeupe, amejipaka mafuta.

"Tusipoteze muda, dada. Kilichobaki ni baiskeli, na baiskeli haipo. Imebaki stesheni Itundwe, haikupakiwa. Sharti tunalijua. Kisichofika mkekani kinakaa kwangu. Mambo ya reli hayo, si kosa la mtu."

Watu wakamgeukia Mektilda, nyuso za huruma. Mektilda akajikaza.

"Shemeji," akasema, "nani kakwambia imebaki Itundwe?"

"Si... watu."

"Watu gani? Jana nimeshuka peke yangu. Sijamwambia mtu humu. Mwanangu hajasema. Nimelala na siri hii tumboni, wewe umeamka nayo mdomoni. Umeitoa wapi?"

Njia ya mwongo fupi, wahenga walisema, na ya Valentino iliishia hapo. Alianza kwamba alihisi tu. Akabadilisha, akasema aliota. Jasho likamtoka kwenye yale mafuta. Mkono wake ukaenda mfuko wa shati, kule kwenye simu, na Najiat akauona.

Lingekuwa jambo zito kwa ndugu yeyote kumtia mwenzake mkono mfukoni mbele ya ukoo. Ungekuwa ugomvi wa vizazi. Lakini mtani, siku ya matanga? Najiat alinyanyuka, akaichomoa ile simu ya kitochi kama anachomoa kiroboto, akasema, "Mfiwa gani anasafiri na hazina! Nimeirithi hii, marehemu aliniahidi." Watu wakaangua kicheko. Valentino akanyanyuka nusu, akakumbuka, akakaa. Mtani hakasirikiwi.

Najiat akabonyeza, akasoma kwa sauti. "Wa mwisho kumpigia... Mabruki Stesheni. Aa! Jina la kwetu hilo. Ngoja nimsalimie ndugu yangu." Akaweka sauti ya wazi, simu ikaita mara tatu.

"Kaka Valentino!" sauti ya Mabruki ikasikika uani kote, ina furaha. "Vipi, imepita? Mimi kazi yangu nimemaliza, baiskeli ninayo stoo. Sasa ile ndoo ya asali naiona lini?"

Hakuna aliyecheka. Mektilda akamnong'oneza Najiat habari ya karani mwenye kalamu sikioni na ya ile mia mbili.

"We Mabruki," Najiat akasema, na utani ulikuwa umekwisha sautini mwake. "Unaongea na Najiat binti Pazi wa Kisarawe, na hapa nilipo ni matangani kwa watani zetu. Mama huyu alikupa ya kukomboa, hakukupa?"

Mabruki akakohoa.

"Nakuuliza! Alikupa?"

"Alinipa... mia mbili."

"Ukapokea. Ukapokea ya mtani, halafu ukashika kitu cha mtani! Mjane, mwenye kaniki mwilini! Sisi tumezikana na watu hawa tangu hakuna reli, na leo wewe na kalamu yako sikioni unatufanya Wazaramo wote wezi kwa ndoo ya asali? Usipoiachia hiyo baiskeli, nitakuja huko kwenye dirisha lako na nitawaambia abiria wote, na utani hautakuwemo."

Akakata simu, akamrushia Valentino. "Chukua. Inanuka."

Consolatha alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Akakiinua. "Valentino. Wenceslaus alikulipia ada darasa la kwanza mpaka la saba. Alikuwa anakupakia nyuma ya baiskeli hiyohiyo."

Valentino akautazama mkeka.

"Hata hivyo," mzee mmoja akasema polepole, "sharti ni sharti, Consolatha. Uovu tumeuona, lakini mkekani baiskeli haipo."

Hapo ndipo Mektilda aliposimama. Alivuta kapu lake, akatoa leso, akaifungua mbele ya watu, akaziweka pedali mbili katikati ya mkeka, kati ya koti na shoka. Zilikuwa zimelika upande mmoja, upande wa mguu wa Wenceslaus uliokuwa unakanyaga kwa nguvu.

"Walinilazimisha nizing'oe," akasema. "Nilipiga magoti stesheni kama mwizi aliyekamatwa, nikang'oa. Kanuni yao hiyo. Haya, na mimi nina ya kwangu. Mizinga ya nyuki haijashuka mitini, mmeweka vijiti na mmekubali imefika. Hizi si vijiti. Hizi ni miguu ya baiskeli yenyewe, na mguu wa mume wangu umo humu. Anayesema baiskeli haijafika mkekani aje aniambie hizi ni za nini."

Yule mzee akainama, akaishika moja, akaizungusha kwa kidole. Ikazunguka vizuri, maana marehemu hakuacha kuitia grisi.

"Imefika," akasema.

"Imefika," Consolatha akasema. "Advera, chukua zako. Na wewe Valentino, kesho utapanda treni uende Itundwe, utaileta mwenyewe. Usiifunge pedali nyingine. Pedali zake zina mwenyewe."

Jumapili Valentino akapanda treni. Jumatatu akajitokeza dirishani kwa Mabruki, na Mabruki, aliyekosa asali na kutukanwa na binti Pazi mbele ya ukoo wa watu, alikuwa na kanuni tayari. Baiskeli hii, akamwambia, kwenye kitabu imeandikwa ilishapakiwa Ijumaa. Ipo Ilagaja kwa mujibu wa karatasi. Haiwezi kupanda mara ya pili. Valentino akabembeleza, akapiga kelele, akasema nipo naishika kwa mikono yangu! Akaambiwa muhuri huu hapa, kaka. Malori nayo hayapiti, mvua imekata barabara. Akaishika usukani, akaanza kuisukuma kuifuata ile njia ya zamani ya misafara inayokwenda sambamba na reli. Treni mbili zilimpita.

Aliingia Ilagaja Alhamisi alasiri, shati jeupe limekuwa la udongo, anachechemea. Watoto walimwona wa kwanza, kisha watu wakatoka majumbani. Hakuna aliyemzomea. Alifika mpaka uani kwa Advera, akaiegesha. Labda alitaka kumaliza vizuri, kwa sababu aliomba spana, akasema atazifunga yeye. Ya kulia ikaingia. Ya kushoto akaizungusha, akaizungusha, ikakataa, akatia nguvu.

"Acha, baba mdogo," Advera akasema. "Utaiharibu meno. Hiyo inakwenda kinyume."

Akaichukua spana mkononi mwake taratibu, akaifunga pedali mwenyewe, mizunguko michache tu. Akanyoosha usukani. Akatundika mkoba wake wa dawa, akapandisha gauni, akavusha mguu juu ya lile bomba la kiume, akaondoka, maana kule kitongoji cha mwisho kulikuwa na msichana wa miezi tisa aliyeanza kulalamika kiuno tangu asubuhi. Kwa miguu angefika jua linazama. Walimwona akipinda kwenye mihogo, na kengele ya Wenceslaus ikalia mara mbili.

Valentino alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta, anatazama nyayo zake. Mektilda akaingia ndani, akatoka na kata ya maji. Watu walikuwa wanasikiliza. Desturi yetu ni kwamba mtu akitoka safari ndefu hupewa maji na huambiwa pole.

Maji alimpa. Pole hakumpa, na mpaka leo hajampa.